Pedali ya Muhdhar

Ijulikane kwa wakazi wote wa Malindi, na kwa vizazi vijavyo, kwamba Muhdhar, mwanafunzi wa bweni na mpiga gitaa la besi, alimiliki pedali moja tu, na pedali hiyo ilijamba.

Iliundwa kukwaruza sauti ya gitaa. Yeye aligundua kwamba akiikanyaga na kuugusa uzi mnene kabisa, hutoka ushuzi mtupu.

Kwenye harusi ya dada yake, wimbo aliokuwa akiupiga ulipokoma, bibi yake alijikongoja mbele ya wanawake wote kumvisha Muhdhar koja la asumini. Ua moja likaanguka. Bibi akainama kuliokota.

Muhdhar akakanyaga, akapiga.

Leso zikaziba pua. "Salaala!" akasema mmoja. "Na ubani wote huu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi hakuinuka. Mkono wake wenye hina ulibaki sakafuni, umelifunika lile ua.

"Niwieni radhi, wanangu," akasema. "Ni uzee."

Muhdhar akaacha kucheka.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi."

Wote wakamgeukia, pua zingali zimezibwa. Bibi peke yake, pale chini alipoinama, alikuwa akiutazama mguu wa mjukuu wake, ambao ulikuwa bado juu ya pedali.