Zamu ya Usiku

Nehemia aliaga kwamba anakwenda kazini, akafunga vifungo vya koti la ulinzi hadi shingoni, akashika njia ya kambini mpaka michikichi ilipoificha nyumba yake. Hapo akakunja kona, akarudi akinyata kama mwizi wa kuku, akapanda kwenye bembea aliyoifunga kati ya minazi miwili mteremkoni, chini ya ua wa nyumba yake mwenyewe.

Kazi haikuwepo tena. Wageni walipopungua, kambi ya watalii ilipunguza walinzi, naye akaondoka na bembea ya kitambaa na mfarishi wake, lile blanketi nene linaloning'inizwa chini kukinga mgongo. Wiki hiyohiyo mkewe Ella akajifungua Bariki, na mama yake Ella, Bi Spesiosa, akaja kwa boti kutoka Mwamgongo kumkanda mzazi.

Sasa mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hata njiani wakikutana hugeuza nyuso, na neno likiwepo hupitia kwa Ella. Bibi alikubali kuja hapa Katonga kwa kuwa aliambiwa mkwewe yuko zamu ya usiku. Angejua amemtoa mtu kitandani mwake, angefunga mzigo papo hapo, na Ella bado hawezi hata kuinua ndoo.

Basi Nehemia alilala nje, na aibu ilimtesa kuliko baridi. Baba mzima, mtoto wake wa kwanza yuko ndani, yeye anajificha vichakani na koti la kazi aliyokwisha kuachishwa.

Baridi nayo haikuwa ya mchezo. Kamba za mfarishi zilikuwa zimelegea, upepo wa ziwani ukapita katikati yake na mgongo. Aliyelala ndani ya bembea hawezi kuzifikia, na akishuka kuzikaza, akipanda tena uzito wake unavuruga kila kitu. Kila jioni Ella alisingizia kwenda chooni, akaja kumkazia haraka haraka, na mafundo yake yakafumuka kabla hajafika mlangoni.

Jioni hii nyayo zilikuja mapema. Nehemia alikuwa amejifunika gubigubi, hakutoa hata pua. Mikono ikapita chini ya bembea, ikausukuma mfarishi ukamshika kiuno, kisha mabega, ikazivuta kamba huku na huku bila pupa, kama anayefunga mtoto mgongoni. Joto likampanda mpaka kisogoni. Leo Ella ameweza, aliwaza.

"Mama Bariki," alisema ndani ya blanketi, "univumilie. Nikipata kibarua Kibirizi utamweleza mama. Kwa sasa asijue kwamba kazi imekwisha. Uso wangu nitauficha wapi?"

Mikono ilisita. Kisha fundo la mwisho likafungwa, gumu, na kiganja kikaanza kumpigapiga mgongoni taratibu, kama abembelezwavyo mtoto alale.

Machozi yalimlengalenga. Alijiona amepewa mke ambaye yeye hamstahili.

Kiganja kilikuwa bado mgongoni mwake Ella alipoita kutoka mlangoni, kule juu nyumbani:

"Mama, uko wapi? Maji ya mtoto yanapoa."