Diski ya Tatu

Bi Kidawa, jirani yake Siwema, anaapa kwamba Ijumaa iliyopita marehemu mumewe aliacha kula muhogo pale kwenye skrini ya sinema, akamgeukia, akamuuliza, "Mguu umepona?"

Siwema alicheka. Tangu picha za video za wafu zilipopigwa marufuku majumbani, zote hukaa kwenye mashine kuukuu ya sinema ya mtaa, na fundi wake ni yeye. Kazi anaipenda: hupangusa vumbi kwenye feni, hufuta lenzi, husikiliza mashine ikikoroma kama paka aliyeshiba. Diski ya tatu tu, alimo mume wa Bi Kidawa, ndiyo mbovu. Kila inapopoteza kipande cha picha, mashine hubuni kingine cha kujazia.

"Si yeye, Bi Kidawa. Mashine inabahatisha. Leo naweka diski mpya yenye nakala safi, atarudi kula muhogo wake kama zamani."

"Mguu nilivunjika yeye keshazikwa. Nani kaiambia hiyo mashine? Na miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuniuliza hali!" Akaushika mkono wa Siwema wenye bisibisi. "Mwanangu, iache hivyo hivyo."

Siwema akaitazama taa nyekundu ya diski mbovu. Mama yake naye yumo kwenye diski hiyo, na juzi alicheka kicheko kisichokuwa chake, kitamu kuliko kile cha zamani.