Sahihi ya Siku za Eda

Bi Mwatime aliinuka kizimbani kwa magongo yake. Gari lililomvunja mguu halikuwa na bima, na kampuni aliyokatia bima yake yeye ilidai kwamba mwezi wa Rajabu alikwenda ofisini kwao, akasaini kupunguza fidia ya ajali za magari yasiyo na bima kama hilo.

"Rajabu nimekalia eda ya mume wangu, mlango sivuki," alisema. "Mdogo wangu kaolewa nyumba ya pili, ngoma nazisikilizia dirishani. Harusini sikwenda, nije kwenu?"

Wakili wa kampuni alikohoa. "Labda mama amesahau. Tumpe nusu, yaishe."

"Nusu mpe aliyesaini."

"Kaa, mama, utaumiza mguu," hakimu alisema kwa upole.

"Sikai mpaka atajwe."

Magongo yakaanza kutetemeka. Akayabana kwapani.