Mkanda wa Bingwa

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Salha kuhoji mtu moja kwa moja kwenye runinga, na bosi alishamwambia: akiboronga, anarudi mapokezi. Mbele yake alikaa bingwa wa ndondi, Chande Mfaume, mkanda wake wa ubingwa mapajani.

Swali la pili tu, mwanawe Salha, ambaye bado ananyonya, akaangua kilio nje ya mlango wa studio, mikononi mwa bibi yake. Maziwa yakaitika. Blauzi ikaanza kulowa mbele ya nchi nzima, na Salha akasahau hata alichokuwa anauliza.

Chande akaona. Akainuka, akamkabidhi mkanda.

“Dada, hebu nishikie. Hapo hapo kifuani, watu wauone vizuri.”

“Mh! Mzito kweli.”

“Utauzoea. Kwangu yupo wa miezi mitatu, najua mambo.”

Salha akacheka mpaka machozi. “Naye anapiga ngumi?”

“Kila alfajiri! Na sijamshinda hata siku moja.”

Studio nzima ikaangua kicheko. Nyuma ya kioo bosi akazungusha kidole: endeleeni, endeleeni. Salha akaukumbatia mkanda vizuri, akafungua mdomo kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi.