Jiko Lililomwita Zamda Mara Mbili

Siku hizi jiko ndilo linaloamua. Linajua nani atakula na atakula kiasi gani, na sheria hairuhusu hata kijiko kimoja kizidi. Likishapika, linaita kila mtu kwa jina aje achukue sahani yake.

Mimi na hilo jiko hatukuelewana tangu siku lilipoletwa. Marehemu mama alinifundisha kwamba ukipika, lazima ubakize sahani ya mgeni. Nyumba haina chakula cha mgeni, ni nyumba gani hiyo? Nikaliambia kwa upole, nikaliambia kwa ukali, mwisho nikalizaba kofi. Likajibu, "Leo hakuna mgeni, mama."

Jumapili binti yetu Zamda alitoka kwa mumewe kuja kutusalimia. Jiko likaita, "Baba Zamda. Mama Zamda. Zamda." Kisha likatoa sahani ya nne, wali na maharage, inafuka moshi. "Zamda," likaita tena.

Nikapiga kigelegele. "Umeona, Baba Zamda? Limeshika adabu! Hiyo ni ya mgeni!" Nikageukia mlangoni kusubiri hodi.

Hodi haikuja. Zamda alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja tumboni, macho yamemtoka.

"Mama," akanong'ona, "jambo hili nimelijua jana tu. Sijamwambia mtu. Hata mume wangu hajui."

Hakuna aliyegusa chakula. Nililitazama lile jiko nililolizaba kofi, nikajikuta naliamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," likaitikia.