Kura ya Tusekile

Sheria ilisema kijana asiyepiga kura kabla ya saa sita mchana, kura yake inahamia kwa mzazi wake. Asubuhi ya uchaguzi, Mzee Ambokile alimtuma binti yake Tusekile mjini kufuata dawa ya bibi. Duka alilotajiwa lilikuwa limefungwa tangu mwaka jana. Alifika kituo cha kura saa saba, akaambiwa baba yake ameshaitumia kura yake.

Nyumbani alimkuta anakula.

"Baba, ulijua duka lile limefungwa?"

"Nilijua."

"Na kura yangu umempa nani?" Tusekile aliuliza.

Mzee alimega ugali bila kumtazama.

"Kura ni siri, mwanangu," akasema. "Nawa mikono, ule."

Tusekile hakunawa.