Mgongo Mwepesi wa Tunu

Kwichi, kwichi, kililia kitanda cha Tunu gizani kabla ya alfajiri, na Zamda akajua binti yake anajaribu kugeuka.

Kisheria, kila mtoto akitimiza miaka sita hutiwa mgongo wa chuma chepesi. Zamda alichagua wenye alumini nyingi, mwanawe asilemewe. Juzi tu, kwenye darasa la jioni la ufuaji wa metali, ndipo alipojifunza kwamba mchanganyiko huo ukibanwa ukiwa baridi kati ya rola, magurudumu ya kusawazishia bamba, chembe zake zote hulala upande mmoja: mgongo huinama mbele, lakini kando haupindi wala haugeuki.

“Wangepunguza alumini kidogo tu,” alimnong’oneza mumewe.

“Mama Tunu, mgongo si sambusa, useme tubadilishe nyama.”

Zamda hakucheka wala hakulia. Alikwenda akajilaza nyuma ya mtoto, akamkumbatia.

Tunu akasema, “Mama, ukitaka kuniona, njoo upande huu.”